Nusu ya Dalili: Nguo ya Fakhari na Haki ya Fundi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewateremshia wanadamu vazi la kusitiri tupu zao na la kujipambia, kisha akawajuza ya kuwa vazi la ucha-Mungu ndilo lililo bora. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya haya. Darsa yetu ya mara hii imetokana na swali lililotufikia kutoka Kabati, mji wa soko ulioko katika njia iendayo Kitui kutoka Machakos. Mwenye kuuliza ni ndugu yetu wa pwani aliyehamia huko kwa biashara ya vitambaa. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuwa mambo ya Kabati yawahusu watu wa miji ya pwani. Wasistaajabu. Pwani na Ukambani zimefungamana kwa kitambaa tangu zamani. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu, na kurudi bara na merikani na shanga. Na Kivoi, yule tajiri wa Kitui aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849, alikuwa miongoni mwa wakuu wa biashara hiyo. Nguo ya pwani ilipanda bara zamani, na leo ugomvi wa nguo umeshuka kutoka bara ukatufikia sisi.

SWALI

Binti wa jamaa zake huyu ndugu yetu ameposwa na kijana wa Mombasa. Wazee wakakubali, mahari yakatajwa, siku ya arusi ikawekwa. Kisha binti akaona katika simu picha ya gauni la mbunifu wa mavazi wa Paris: tabaka juu ya tabaka, mkia wa kuburura chini, na shanga kuanzia mabegani hata upindoni. Akalitaka la mfano wake. Fundi mmoja wa cherehani hapo Kabati akasema aweza kulishona kwa shilingi 85,000, vitambaa na shanga vikiwa ndani ya hesabu hiyo. Gharama akatwikwa bwana arusi, naye hakuwa nayo. Akaanza kutafuta wa kumkopesha, na siku ya arusi ikasogezwa mbele.

Hapo wazee wakagawanyika. Shangazi wa binti akasema: "Shemeji, dini haikutukataza uzuri. Mtoto huolewa kwa furaha, hafichwi kama mwizi. Na fundi naye ni mja wa Mungu, apate riziki yake." Mjomba wa binti akajibu: "Shemeji yangu, uzuri haukukatazwa, lakini huu ni moto wa kuchomea mali. Kijana wa watu ataingia chumbani na deni limemtangulia kitandani." Shangazi akatoa hadithi ya Mtume s.a.w. juu ya uzuri. Mjomba akatoa aya ya Qur'ani juu ya ubadhirifu. Kila mmoja akashika yake, na nyumba mbili hazisalimiani vizuri. Ndugu yetu auliza: ni yupi katika hawa wawili aliye na haki?

Twajibu, na kwa Mwenyezi Mungu twaomba taufiki.

ASILI YA NGUO HIZI

Yatupasa kwanza tukijue kitu tunachokihukumu. Nguo za namna hii Wafaransa huziita haute couture, yaani ushonaji wa daraja ya juu. Hushonwa kwa kipimo cha mwanamke mmoja, na kazi yake nyingi ni ya mkono. Tarizi ya gauni moja yaweza kuwachukua mafundi mamia ya saa. Tangu mwaka 1945 jina hilo lahifadhiwa Ufaransa kwa sheria, hata asiweze kila mshonaji kujiita kwalo. Wanunuzi wake katika dunia nzima ni wachache, na bei ya gauni moja yaweza kupita mshahara wa miaka kadha wa mwalimu wetu wa skuli.

Wala khitilafu ya Kabati si mpya. Tarehe 12 Februari 1947, mbunifu Christian Dior alionyesha nguo zake za kwanza mjini Paris. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa havijatimiza miaka miwili tangu kwisha huko Ulaya, na watu walikuwa na upungufu wa mkate, makaa na vitambaa. Uingereza nguo zilikuwa zikinunuliwa kwa kuponi, na amri hiyo haikuondoshwa illa mwaka 1949. Katika hali hiyo Dior akatoa sketi pana na ndefu, gauni moja likimeza yadi nyingi za kitambaa. Watu wakawa makundi mawili. Wengine walifurahi, wakasema ya kuwa dhiki ya vita imekwisha, wanawake wastahiki kupendeza tena, na viwanda na washonaji watapata kazi. Wengine walighadhibika. Katika mtaa mmoja wa soko huko Paris, wanawake waliwarukia wasichana waliokuwa wakipigwa picha na nguo hizo, wakawararulia. Dior alipokwenda Marekani mwaka huo huo, wanawake wa Chicago walimpokea kwa mabango ya kumpinga.

Lipo jambo moja katika kisa hiki ambalo msomaji asilipite upesi. Aliyetoa fedha za kuianzisha nyumba ya Dior alikuwa Marcel Boussac, tajiri mwenye viwanda vya nguo za pamba. Basi kila yadi iliyozidi katika sketi ya mwanamke ilikuwa na mtu wa kunufaika nayo. Hatusemi ya kuwa biashara ni dhambi. Twasema ya kuwa anayesifu israfu na anayeiuza mara nyingi hukaa duka moja.

MAMBO YA KWETU

Mtu asidhani ya kuwa sisi wa pwani twayatazama haya kwa mbali. Katika zama za utumwa, nguo ilikuwa ndiyo alama ya kumpambanua bwana na mtumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru wao walijinunulia kanga za rangi na maua, na baadaye wakavaa buibui kama walivyovaa wanawake wa majumba makubwa. Kwao kanga haikuwa israfu. Ilikuwa ni kusema mbele ya watu: mimi pia ni binadamu. Kwa hiyo anayedharau kila pambo na kuliita upuzi, hajui nguo imewahi kubeba nini juu ya migongo ya watu.

Lakini upande wa pili nao twaujua. Mombasa, katika zama za bibi zetu, vyama vya lelemama vilikuwa vikishindana kwa sare na kwa karamu. Chama kikitoa nguo ya namna moja, wapinzani wao hutafuta ya kuishinda. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza kutoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kutoka 1937 hata kufa kwake mwaka 1947, aliwakemea Waislamu kwa kupoteza mali katika fakhari na kwa kuiga mambo ya watu bila ya kuyapima. Miaka mingi imepita, lelemama imepungua nguvu, lakini mashindano yamehamia katika kumbi za arusi. Na wanaume wasicheke wakadhani twasema na wanawake peke yao. Wapo wenye kununua joho la kuvaliwa saa tatu, na wenye kukodi msafara wa magari kwa safari ya kutoka mtaa mmoja hata wa pili.

DALILI ZA PANDE MBILI

Anayeruhusu uzuri ana dalili zilizo thabiti. Katika Sura ya Al-A'raf Mwenyezi Mungu awaamrisha wanadamu wachukue pambo lao katika kila mahali pa ibada, kisha awauliza kwa kukemea: ni nani aliyeliharimisha pambo alilowatolea waja wake? Ibn Abbas r.a. alipotumwa kwenda kujadiliana na Makhawariji, alivaa vazi zuri mno la Yemen; walipomlaumu aliwajibu ya kuwa yeye amemwona Mtume s.a.w. katika mavazi mazuri kuliko yote. Na Mtume s.a.w. alipomwona mtu mwenye mali akiwa katika nguo duni, alimwelekeza aonyeshe athari ya neema aliyopewa na Mola wake.

Anayekataza naye ana dalili zilizo thabiti. Aya ile ile ya Al-A'raf inayoamrisha pambo, mwisho wake yakataza israfu. Katika Sura ya Al-Israa wabadhirifu wameitwa ndugu za mashetani, na katika Sura ya Al-Furqan waja wema wamesifiwa kuwa watoapo hawapiti mpaka wala hawafanyi ubakhili, bali hukaa katikati ya hayo mawili. Na Mtume s.a.w. ameonya juu ya vazi la shuhra, yaani nguo ivaliwayo ili mvaaji atazamwe na atajwe.

Basi Qur'ani haipingani, wala Sunna haipingani. Wanaopingana ni watu, na sababu yake ni kuwa kila mmoja ameisoma nusu ya dalili yake akaiacha nusu ya pili. Natuzisome zote mbili mpaka mwisho.

Shangazi alileta hadithi ya uzuri. Hadithi hiyo yasimulia ya kuwa Mtume s.a.w. alisema haingii Peponi mwenye chembe ya kibri moyoni. Mtu mmoja akauliza habari ya anayependa nguo yake na kiatu chake viwe vizuri. Mtume s.a.w. akamtuliza ya kuwa Mwenyezi Mungu apenda uzuri. Kisha akaeleza kibri ni kitu gani: ni kuikataa haki, na kuwadharau watu. Shangazi amesimama kwenye uzuri, hakuendelea mpaka kwenye haki.

Mjomba alileta aya ya ubadhirifu. Lakini aya hiyo ya Al-Israa haikuanza na ubadhirifu. Imeanza kwa amri ya kumpa jamaa haki yake, na maskini, na msafiri; ndipo ikakataza kufuja. Mjomba ameanza katikati ya aya, hakurudi nyuma mpaka kwenye haki.

Tazama, ewe msomaji: nusu zilizoachwa na wote wawili zina neno moja, nalo ni haki. Nguo haipimwi kwa yadi zake tu, wala kwa shanga zake tu. Yapimwa kwa haki za watu: ni haki ya nani iliyotimizwa, na ni haki ya nani iliyokanyagwa ili ipatikane?

BARUA YA PILI

Kwa hiyo hatukumjibu ndugu yetu wa Kabati mara moja. Tulimwandikia tukamuuliza mambo matatu: nani atakayelipa, ana madeni gani, na fundi amekwisha lipwa kiasi gani? Jawabu lake ndilo lililotufanya tuiandike darsa hii.

Alitwambia ya kuwa bwana arusi bado adaiwa karo ya chuo cha ndugu yake mdogo, aliyoahidi kuilipa baada ya baba yao kufa. Fundi alipewa 20,000 za kuanzia, na tangu hapo hakuona senti. Naye, kwa kuogopa kuipoteza kazi kubwa, aliendelea kushona shanga usiku baada ya usiku, na vitambaa vilivyozidi akavichukua kwa deni. Alivichukua duka gani? Ndugu yetu alikiri kwa unyofu, Mungu amlipe kheri kwa ukweli wake, ya kuwa vilitoka dukani kwake mwenyewe, na ya kuwa mwanzoni aliipenda rai ya shangazi bila ya kujiuliza kwa nini. Hapo tukamkumbuka Boussac na viwanda vyake.

Akaongeza jambo la pili. Alipokwenda kwa fundi kuuliza hesabu ya gauni, fundi alimfungulia daftari lake. Humo mlikuwa na deni la kanzu tatu zilizoshonwa kwa ajili ya Idi iliyopita, zimevaliwa, zimefuliwa, na hazijalipwa. Mwenye deni hilo ni mjomba, yule yule anayelia juu ya ubadhirifu. Na mtoto wa fundi alikuwa amekaa nyumbani, amerudishwa skuli kwa kukosa karo.

Basi yule aliyetetea gauni alisema fundi apate riziki, na fundi hakuipata. Na yule aliyelipinga gauni alisema mali isipotee, na mali ya fundi ilikuwa imepotelea mgongoni mwake. Wawili hawa waligombana kwa aya na hadithi mbele ya mtu aliyekuwa ameinama juu ya cherehani, wala hapana hata mmoja aliyemtazama.

Kazi ya sindano si kazi ya kudharauliwa. Nchi ya Kitui yalijua hilo: mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea, kiwanda cha nguo cha serikali ya kaunti hiyo kiligeukia kushona barakoa za kuwakinga watu. Na katika hizo nyumba kubwa za Paris jina litajwalo ni la mbunifu, ilhali wanawake waliotoboa vidole vyao kwa sindano hawajulikani na wanunuzi. Uislamu haukuridhia jambo hilo. Mtume s.a.w. ameamrisha mfanya kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na imesihi kutoka kwake ya kuwa Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama atakuwa mgomvi wa watu watatu, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu akatimiziwa kazi yake, naye asimpe ujira wake. Nani aliye tayari kuingia arusini na gauni ambalo Mola wake ataligombea?

AYA JUU YA NGUO

Tungependa kukumbusha kisa kimoja zaidi, kwa sababu kilituumiza Waislamu wote. Mwezi wa Januari 1994, mbunifu Karl Lagerfeld wa nyumba ya Chanel alionyesha mjini Paris magauni yaliyotariziwa maneno ya Kiarabu kifuani, na ikabainika ya kuwa ni maneno ya Qur'ani Tukufu. Mwenyewe alieleza ya kuwa aliyatoa katika kitabu juu ya Taj Mahal, akidhani ni shairi la mapenzi. Waislamu wakapiga kelele katika nchi nyingi, nyumba ya Chanel ikaomba radhi, na magauni yale yakaharibiwa.

Kughadhibika kwetu kulikuwa ni haki. Lakini natujiulize kwa insafu: aya ilipoandikwa juu ya nguo na mtu asiyejua kuisoma, tulighadhibika, je, aya hiyo ya israfu na hiyo ya kutimiza haki zinapovunjwa kwa nguo, nasi twajua kuzisoma, mbona twapiga vigelegele? Yule aliitia aya katika uzi kwa ujinga. Sisi twaikata kwa mkasi hali twaijua.

HUKUMU NA NASAHA

Jawabu letu kwa ndugu yetu wa Kabati, na kwa kila aliye na arusi mbele yake, ni hili.

Kwanza, gauni zuri si haramu kwa kuwa ni zuri, wala kwa kuwa ni ghali. Mwenye wasaa akivaa kwa kiasi cha wasaa wake, kwa sitara, bila ya kibri wala kujionyesha, hana lawama, na hatuna ruhusa ya kuharimisha ambalo Mola wetu hakuliharimisha.

Pili, gauni hilo hilo likipatikana kwa deni lisilo dharura, kwa kuikawiza ndoa ya vijana wawili, au kwa kuila haki ya yatima na jamaa, basi hiyo ni israfu, hata lingekuwa na shanga kumi tu. Mtume s.a.w. alikataa kumsalia maiti aliyekuwa na deni mpaka sahaba mmoja alipolichukua juu yake. Deni si jambo la kuvikwa arusini kama kilemba.

Tatu, gharama ya fakhari asitwikwe bwana arusi kwa kuogopa maneno ya watu. Mtume s.a.w. ametufundisha ya kuwa ndoa bora ni ile iliyo nyepesi. Anayelitaka gauni na alipe mwenyewe, naye ataona jinsi shanga zitakavyopungua.

Nne, fundi na alipwe kwanza. Kazi iliyokwisha shonwa ni haki yake, gauni likiendelea au likikatizwa. Tumewashauri jamaa wamlipe kwa hesabu ya daftari lake, kisha gauni liishie pale lilipofika, bila ya mkia wala shanga za ziada, na arusi irudishwe katika siku yake ya kwanza. Mjomba tumemshauri alipe kanzu zake tatu kabla hajasoma tena aya ya ubadhirifu mbele za watu. Na ndugu yetu mwenye duka tumemwomba ampe fundi muhula wa vile vitambaa, kwa kuwa naye ana sehemu yake katika jambo hili.

Nasi tulioandika hatujitoi. Tulipoisoma barua ya pili katika halaka yetu, mmoja wetu aliondoka kimya kabla ya darsa kwisha. Alirudi baada ya sala ya Isha, akatwambia ya kuwa alikuwa na deni la suruali kwa fundi wake tangu mwezi wa Rajabu, na ya kuwa fundi, kwa haya, hakuwahi kumkumbusha. Kisha wengine wawili wakakiri ya kwao.

Basi, ndugu zetu, kabla ya arusi ijayo na kabla ya Idi ijayo, kila mmoja na apite kwa fundi wake, amsalimu, na amuulize: je, katika daftari lako limo jina langu? Nguo utakayoivaa baada ya jawabu hilo, ikiwa ya hariri kwa mwanamke au ya pamba kwa mwanamume, ndiyo iliyo karibu na lile vazi la ucha-Mungu.

Wabillahi taufiki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.